Zedekiah Were Atafuta Jaketi la Usalama

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo maisha yamebadilika! Nilikwenda kwa chifu kufuata mambo ya kitambulisho cha Debra, binti yangu, nikakuta tangazo ukutani. Kituo cha polisi kinatafuta afisa wa usalama wa jamii kutoka mtaa wetu wa Kangemi. Nafasi moja. Raia, si askari. Atapewa jaketi la kung'aa, kofia, daftari na filimbi.

Filimbi! Nililisoma tangazo mara tatu. Mara ya tatu nililisoma nikiwa nimevuta tumbo ndani.

Mimi ni mtu wa usalama tangu kuzaliwa. Miaka miwili nililinda geti la tajiri mmoja kule Lavington. Nilifutwa kwa sababu ya ukakamavu tu. Nilimzuia mwenye nyumba kuingia kwake kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Mvua ilikuwa inanyesha, ndiyo. Lakini sheria haina mwavuli.

Fomu nilipewa kituoni na Koplo Jacklyne, mwanamke mwembamba asiyecheka. Alinieleza kwamba afisa huyu hakamati mtu, hapigi mtu, hakimbizani na mtu. Kazi yake ni kusikiliza wananchi, kuandika na kuripoti. Nikamkonyeza, kumwonyesha nimeelewa kwamba hayo ni ya kusemwa mbele ya umma. Akaniuliza kama jicho linaniuma.

Na nyuma yangu kwenye foleni alikuwa nani? Njambi! Njambi wa bajia, anayekaanga pale kona ya kwenda Loresho. Eti naye anaitaka kazi. Nilicheka mpaka koplo akaniomba nicheke nikiwa nje.

Nanjala, mke wangu, hushona sare za shule. Nilipompa habari hakuondoa mguu kwenye cherehani. Aliuliza kama jaketi hilo linaliwa. Nikamwambia heshima hailiwi. Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumanne, 4 Machi

Fomu inataka sahihi ishirini za majirani wanaokuamini. Kazi ndogo.

Saa nne: sahihi tatu. Moja ya Nanjala, moja ya Debra, moja ya mzee asiyeona vizuri aliyedhani mimi ni mwanawe. Njambi alikuwa amemaliza zake zamani. Watu walijipanga kumtilia sahihi huku wakitafuna.

Saa sita nikapata akili. Nilikwenda bombani, ambako kina mama hungoja maji, nikatangaza kwamba naandikisha watu wa neti za mbu. Sikusema neti zinatoka wapi. Sikusema zinakuja lini. Kwa hiyo sikudanganya. Sahihi thelathini na moja kwa dakika kumi! Mama mmoja alitia mara mbili, ya pili kwa niaba ya mama mkwe.

Koplo Jacklyne aliipokea fomu, akauliza kwa nini mtu mmoja ameandika "futi sita kwa sita" kando ya jina lake. Nikasema huo ni ukubwa wa imani yake kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Mbio. Kilomita tano, kutoka kituoni kushuka na Waiyaki Way mpaka Westlands. Koplo Jacklyne angetungoja mwisho na saa yake. Waombaji tulikuwa tisa.

Nilikimbia kwa ustadi mkubwa mpaka kona ya kwanza. Hapo palikuwa na teksi niliyoita kwa simu ya Debra. Mpango ulikuwa hivi: nilale kiti cha nyuma, nishuke mita mia mbili kabla ya mwisho, nijimwagie maji kichwani, nifike nikihema. Hauna kasoro!

Kasoro: foleni ya magari. Tulisimama kama tumepigwa misumari. Dereva, kijana anayeitwa Wainaina, alinitazama kwenye kioo akauliza namkimbia nani. Nikamwambia simkimbii mtu, nafanya mtihani wa polisi. Akafunga madirisha yote, akaanza kusali kwa sauti.

Dakika ishirini. Hatujasogea. Mara kioo kikagongwa. Njambi! Leso kiunoni, raba za mwanawe miguuni, jasho linamtiririka.

"Baba Debra! Umegongwa na gari?"

Nikasema tumbo limenishika.

"Basi toka tutembee. Ukilala litazidi."

Alinivuta nje, akanishika mkono, akanikimbiza mpaka mwisho akinihesabia hatua kama mtoto wa nasari. Tulifika wa mwisho, sisi wawili. Baadaye nikaambiwa alikuwa wa tatu kabla ya kusimama kwa ajili yangu.

Naandika hapa kwa ajili ya historia: nilimsindikiza mwanamke aliyekuwa peke yake barabarani mpaka akafika salama.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi kina mama wanne mlangoni. Neti ziko wapi? Nikasema zimekwama bandarini Mombasa. Wakasema watarudi. Nikawatakia siku njema.

Kati ya waombaji tisa tumebaki wanne. Mimi nimo, kwani sharti lilikuwa kumaliza, si kuwahi. Watano walijiondoa wenyewe walipohakikishiwa kwamba kweli hakuna bunduki. Tumepewa madaftari. Tutembee siku mbili kati ya Kangemi na Loresho, tuandike chochote kinachohatarisha wakazi, na Jumamosi tusome ripoti zetu mbele ya kamati.

Wengine wataandika mashimo ya barabarani. Mimi nataka mhalifu.

Na nimempata! Saa nne kamili, kichochoro kitulivu cha Loresho, gari la kijivu lilisimama chini ya mti. Ndani, mwanamume mnene mwenye miwani myeusi, kofia imeshuka mpaka nyusi. Akachomoa furushi la gazeti chini ya kiti. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainamisha kichwa nyuma ya usukani dakika tano nzima. Kisha akajifuta mdomo, akajifuta vidole kimoja kimoja, akalitupa lile gazeti kwenye ua, akaondoka polepole.

Dawa za kulevya! Ama almasi. Nimeandika namba ya gari kwa herufi kubwa na kuipigia mistari miwili. Gazeti nimelichukua kama ushahidi. Lina mafuta. Wahalifu ni wachafu.

Ijumaa, 7 Machi

Kina mama saba. Niliondoka kupitia dirishani, kwa sababu za kikazi.

Leo nilijificha ndani ya ua wa kayaba, karibu kabisa na ule mti. Sitaeleza habari za miiba. Saa nne gari likaja. Yaleyale: kofia, furushi, kushoto, kulia. Safari hii mshukiwa alipiga simu dirisha likiwa wazi, nami nikasikia kwa masikio yangu mawili:

"Mzigo nimeumaliza. Kesho niwekee zingine, zile za moto. Na mke wangu asijue hata kidogo."

Mzigo! Za moto! Nilitetemeka kwa furaha mpaka ua ukatikisika. Gari likaondoka. Mbwa wa nyumba ile akaja kuona ni nini kinachotikisa ua wake, akanikalia mguu. Hakuniuma. Alikaa tu. Tulikaa wote mpaka saa nane. Naye nimemwandika.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimetulia. Nitajaribu kutulia.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Koplo Jacklyne upande mmoja. Bi Waringa, mwenyekiti wa wakazi wa Loresho, upande wa pili. Katikati Inspekta Mbuthia, mkubwa wa kazi hii, ambaye ni mume wa Bi Waringa. Jambo hilo halihitaji kuambiwa. Kila mara mama huyo alipogeuka, inspekta alinyoosha kola.

Njambi alisoma kabla yangu. Mtaro usio na mfuniko kwenye njia ya watoto wa shule. Taa zilizokufa karibu na kanisa. Halafu Nyanya Ndanu, ajuza anayekaa peke yake, hakuwa amefungua mlango tangu Alhamisi. Njambi aliita majirani, wakavunja kufuli, wakamkuta ameanguka jikoni. Wakambeba mpaka hospitali. Amelazwa, lakini anaongea. Chumba kizima kikapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kidogo.

Ikawa zamu yangu. Nilisoma nimesimama wima. Kichochoro, gari la kijivu, miwani, furushi. Inspekta akanywa maji. Nikasoma simu: mzigo, za moto, mke asijue. Inspekta akanywa maji ya koplo. Nikasoma namba ya gari.

Bi Waringa akavua miwani. "Hiyo namba, rudia."

Nikairudia kwa sauti ya taarifa ya habari.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne, mama. Siku mbili mfululizo."

Akageuka polepole kama geti la umeme. "Saa nne si uliniambia uko mkutanoni?"

Hakuwa akisema na mimi. Hapo ndipo nilipomtazama inspekta vizuri, nikamvika miwani myeusi akilini, nikamshusha kofia mpaka nyusi. Nilitaka kufunga daftari. Lakini ushahidi ulikuwa tayari mezani. Koplo Jacklyne alilinusa lile gazeti.

"Ni bajia, mkubwa," akasema. Kisha akainama chini ya meza kutafuta kalamu, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Kumbe daktari alimkataza inspekta vitu vya mafuta tangu Krismasi. Bi Waringa mwenyewe humpikia mboga za kuchemsha. Njambi alikuwa anaangalia dari.

Nje nilimkabili. Yeye ndiye muuzaji! Kwa nini hakuripoti?

"Baba Debra, mtu kula bajia si hatari kwa mtaa," alisema. "Ni hatari kwake. Na sikujua kama ni mgonjwa; ningejua, sufuria yangu angekuwa ameiona mara ya mwisho."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Nilipofungua mlango, nikawakuta kina mama wa bombani, kumi na mmoja, wameketi, wanakunywa chai ya Nanjala. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mke wangu akasema wageni wana swali.

Nikasema hakuna neti. Maneno mawili tu, lakini yalinitoka kama jino. Hawakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Yule aliyemtilia sahihi mama mkwe alitikisa kichwa tu, akaweka kikombe chini. Mwisho waliafikiana kwamba nitawabebea maji wiki nzima, kila mmoja mitungi miwili. Nanjala akaandika ratiba.

Walipoondoka, aliniambia jambo moja: kwamba wale wangenitilia sahihi kama ningewaomba tu. Nililifikiria neno hilo muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha kikombe kikaisha.

Jumatatu, 10 Machi

Majina yamebandikwa. Au tuseme jina. Njambi.

Jaketi linamkaa vizuri, sitasema uongo. Nilimpa mkono. Akaniambia anahitaji watu wa kujitolea wa kutembea naye mtaani siku za Jumamosi, na angefurahi kama ningekuwa mmoja wao, kwa sababu naona vitu ambavyo wengine hawavioni. Sijui kama lilikuwa tusi. Uso wake ulikuwa mwema.

Mimi, Zedekiah Were, kutembea nyuma ya mama bajia? Nikasema nitafikiria.

Nimefikiria. Nitaanzisha kikosi changu. Mkuu ni mimi, na askari ni mimi, kwa hiyo nidhamu haitakuwa tatizo. Filimbi nimeazima kwa Debra, ile ya netiboli.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nikitoka bombani na mitungi yangu, nilimwona mwanamume juu ya nguzo ya stima karibu na kinyozi. Koleo mkononi. Anakata waya! Mchana kweupe!

Nikapuliza filimbi. Nikamwamuru ashuke akiwa mikono juu. Akasema akiinua mikono ataanguka. Akasema yeye ni fundi, ametumwa, ameshazima stima ili afanye kazi kwa usalama. Wote husema hivyo. Ili mshukiwa asitoroke, niliondoa ngazi.

Alikaa juu saa nzima. Mtaa wote giza ndani. Mashine ya kusaga mahindi kimya. Kwa kinyozi akatoka bwana mmoja aliyenyolewa upande wa kushoto, akaniuliza kwa upole mkubwa kama najua ana harusi saa tano.

Njambi akaja na jaketi lake. Hakukimbia, hakupayuka. Alirudisha ngazi kwanza. Alimsikiliza fundi, akanisikiliza mimi, akaandika. Fundi akakataa kuyaacha hivi hivi, akataka nipelekwe kituoni. Njambi alinisindikiza, akaniandikisha, akamwambia koplo nisiwekwe ndani, benchi linatosha, kisha akarudi mtaani.

Fundi amekuja kunisamehe saa tisa na nusu. Ninaandika haya nikiwa bado kwenye benchi.

Sasa tuulizane bila upendeleo. Njambi amekaa kituoni leo dakika kumi. Mimi saa sita! Najua zamu zinabadilika lini, najua funguo zinatundikwa wapi, najua mlango upi unalia. Kati yetu wawili, nani ana uzoefu wa polisi? Nimemwomba Koplo Jacklyne aniandikie barua ya kuthibitisha. Amesema anaenda kutafuta kalamu. Ni kama nusu saa sasa, na namsikia kule nyuma akicheka, bila shaka kwa furaha ya kupata mtu kama mimi.