Jumla Haishuki

Jumatatu, 22 Januari

Macho mekundu yameingia Korogwe! Si kwamba napenda watu waumwe, Mungu apishe mbali. Lakini mtangazaji asiye na janga ni kama fundi cherehani katika mwezi usio na sikukuu.

Na limekuja wakati mwafaka. Mzee Mhina, mhariri mkuu wetu hapa Redio Nguzo, anastaafu Juni. Anarudi kwao Lushoto kulima kabichi. Kiti chake kitabaki wazi, na mimi Dunstan Mdoe nakitamani. Shida ni kwamba mwenye redio anamtaja pia Hashim, aliyetukimbia mwaka juzi akaenda kwenye redio ya Handeni. Wanasema ana sauti nzuri. Sikatai. Hata debe tupu lina sauti.

Kila alasiri Daktari Upendo, anayesimamia vita dhidi ya ugonjwa huu katika wilaya zote mbili, Korogwe na Handeni, anatutumia taarifa kwenye simu. Mistari minne: wagonjwa wapya na wanakotoka, jumla tangu ugonjwa uanze, waliopona, na wanaoendelea kutibiwa. Hashim anapata ileile. Leo nilianza na wagonjwa wapya kumi na wawili. Baada ya kipindi nikapita kijiweni kwa wauza kahawa kusikia gumzo. Walikuwa wanabishana kuhusu penalti.

Jumanne, 23 Januari

Maafa. Wagonjwa wapya wameshuka hadi tisa. Tisa! Nani anaacha chakula chake kusikiliza tisa?

Nikakaa na ile taarifa kama mtu anayechambua mchele. Ndipo nikauona mstari wa pili. Jumla: mia mbili na kumi na nne. Nikasisimka mwili mzima. Jumla haishuki! Wagonjwa wapya wanaweza kupungua, wanaoumwa wanaweza kwisha, jumla itabaki pale pale au itapanda. Hata wakipona wote, jumla haiponi.

Saa moja jioni nikatangaza: macho mekundu, waliokumbwa wapindukia mia mbili! Nikanyamaza kidogo. Kunyamaza ni nusu ya utangazaji.

Mzee Mhina akaniuliza mbona sikusema wengi wao wameshapona. Nikamwambia muda ulikuwa finyu. Akasema nilikuwa na muda wa kunyamaza.

Jumatano, 24 Januari

Ushindi! Leo hakuna aliyezungumzia penalti. Bodaboda wote wa stendi wamevaa miwani ya jua, hata walipokuwa wamelala chini ya kibanda. Mwenye duka la nguo za mitumba amemaliza miwani yote, akaanza kuuza ya watoto. Watu wanasalimiana kwa viwiko.

Hashim, kwa wivu, jana jioni alitangaza kwamba wagonjwa wengi wamepona na hali ni shwari. Kutoka taarifa ileile! Na hakudanganya. Wala mimi sikudanganya. Kondakta mmoja amelalamika kijiweni kwamba abiria wake wanapanda kwenye janga Korogwe wanashukia kwenye amani Handeni, na hajui awaambie nini katikati ya njia. Kila mtu amecheka. Mimi nimecheka zaidi, kwa kuwa janga ni langu.

Alhamisi, 25 Januari

Simu kutoka Mombo, mji mdogo wa wilaya yetu ulio kando ya barabara kuu. Mama Yusta.

Niandike wazi, maana jambo lenyewe ni zito. Yusta ni mchumba wangu, mwalimu wa chekechea, mrefu, mwenye kucheka polepole. Jumapili wazee wangu kutoka Kwamsisi, upande wa Handeni, wanakwenda kwao kupeleka posa. Mama yake anauza kuku wa kukaanga na ndizi kwa abiria wa mabasi ya Arusha. Nampenda Yusta. Mama yake namwogopa.

Nikaanza na shikamoo, kwa adabu zote. Akasema shikamoo yangu niipelekee ile jumla yangu. Akaeleza kwamba tangu Jumatano mabasi yanasimama lakini madirisha hayafunguliwi. Abiria wanamwangalia kupitia kioo kama vile yeye ndiye ugonjwa. Amerudi nyumbani na beseni limejaa kama lilivyotoka. Akamaliza kwa kusema kwamba mkwe anayefunga madirisha ya mabasi hawezi kufunguliwa mlango. Kisha akakata.

Taarifa ya Daktari Upendo iliingia nikiwa bado nimeshika simu sikioni. Sikuisoma yote. Nilikuwa natafuta mstari wa kuniokoa.

Nimeupata! Waliopona. Nao haushuki! Mtu akishapona, amepona.

Ijumaa, 26 Januari

Jana jioni nilitangaza kwamba karibu watu mia mbili wamepona macho mekundu. Nikaweka na muziki laini nyuma yake. Leo mchana Mama Yusta amepiga mwenyewe. Madirisha yamefunguliwa! Kuku wameisha kabla ya saa nane. Akaniita mwanangu.

Furaha imedumu hadi saa kumi. Baba mkubwa Peter amepiga kutoka Kwamsisi. Wazee hawaji. Wamesikia redioni kwamba waliokumbwa wamepindukia mia mbili na thelathini, nao hawapeleki macho yao Mombo kwa ajili ya posa ya mtu yeyote.

Nikamuuliza redio gani. Ya Handeni, akasema. Hashim! Ameona nilivyotikisa mji kwa jumla, akaniibia jumla! Mimi nimehamia kwenye amani, yeye amehamia kwenye janga. Nikamwambia baba mkubwa asimsikilize yule. Akauliza kama namba ile ni ya uongo. Nikashindwa kusema ndiyo. Niliivumbua mimi.

Jumamosi, 27 Januari

Nimekwenda Kwamsisi kwa pikipiki. Vumbi hadi kwenye meno. Nimewakuta wazee watatu kwa baba mkubwa wanamenya mihogo, sura zimekaza. Redio yetu haifiki kule vizuri, kwa hiyo nikasimama uani nikawasomea habari kwa mdomo wangu, kwa sauti ya kazini. Karibu watu mia mbili wamepona! Idadi inazidi kupanda kila siku!

Baba mkubwa akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, "Sawa, baba. Na wanaoumwa leo ni wangapi? Na wako wapi?"

Nikasema waliopona wanaongezeka.

"Hao nimewasikia. Nauliza wanaoumwa."

Taarifa ilikuwa mfukoni, kwenye simu. Nilikuwa sijaugusa ule mstari wa kwanza tangu Jumanne. Ningeweza kuufungua pale pale. Nikasema mtandao wa Kwamsisi ni mbovu.

Wakatazamana. Baba mkubwa akasema yeye si msomi, na kama mtoto wao anazungumza redioni basi lazima anajua anachosema. Watakuja.

Nimewashinda! Sauti ni kipaji.

Jumapili, 28 Januari

Posa imepokelewa! Siku nzuri kuliko zote. Wazee wamevaa kanzu na makoti, Mama Yusta amevaa kitenge kipya. Watu wameshikana mikono, wamekumbatiana, wamenawa kwenye beseni moja na kujifuta kwa taulo moja, undugu mtupu. Jicho la kushoto la Mama Yusta lilikuwa limeiva kidogo. Amesema ni moshi wa jikoni. Nami nikasema moshi wa kuni za huku ni mkali.

Yusta alinivuta pembeni akaniuliza kama nina hakika hali ya Mombo ni nzuri, kwa maana watoto sita darasani kwake hawakuja Ijumaa. Nikamwambia mimi ndiye ninayetangaza hali. Akacheka, polepole, akanishika mkono. Kisha akajifuta jicho.

Jumanne, 30 Januari

Ninaandika kwa jicho moja. La pili limegandishwa na tongotongo.

Jana baba mkubwa alipiga simu. Wazee wote wanne hawaoni vizuri. Yeye alitembea akaingia kwenye zizi la mbuzi akidhani ni choo. Hakunitukana, ndiyo iliyoniuma. Alisema tu kwamba aliniuliza swali mara mbili.

Yusta anaumwa. Mama yake anaumwa. Daktari Upendo mwenyewe amemwambia afunge biashara hadi apone, na safari hii madirisha ya mabasi yamefungwa kwa haki.

Daktari alinikuta kituo cha afya kwenye foleni ya dawa ya macho. Akaniambia mbele ya watu kwamba Mombo ilikuwa juu kabisa kwenye mstari wa kwanza tangu Alhamisi. Wagonjwa wapya karibu wote walikuwa wanatoka hapo. "Niliwapa mistari minne, wewe na mwenzako wa Handeni. Mnachagua kama watu wanaovua nyama kwenye mchuzi. Kwenye mstari mnaouacha ndimo walimo watu."

Mwanamke mmoja kwenye benchi, mtoto mgongoni, akasema alimpeleka huyo mtoto kwa dada yake Mombo siku ya Ijumaa baada ya kusikia wamepona. Hakusema kwa hasira. Mtoto alikuwa anasugua macho kwa ngumi mbili. Nikatazama ukuta.

Jioni nikampigia Yusta. Aliniuliza jambo moja: nilijua? Nikamwambia, haki ya Mungu, sikujua, sikuusoma ule mstari. Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kunyamaza redioni. Akasema angalau anayejua akaficha ana kitu cha kuungama. Ameomba nisiende kwao kwa sasa.

Nimelia. Au ni macho.

Jumatano, 31 Januari

Mzee Mhina ameniamuru nisome mistari yote minne. Sikuweza kuona karatasi. Amekaa nyuma yangu akininong'oneza, nami nikirudia: wapya wangapi, wengi wakiwa Mombo, jumla ngapi, waliopona wangapi, wanaotibiwa wangapi. Kisha: nawa kwa maji yanayotiririka, kila mtu na taulo lake, mwenye dalili abaki nyumbani. Haikufika hata dakika moja. Hakuna kutua, hakuna muziki. Nimeona aibu kama niliyesimama hadharani bila shati.

Ijumaa, 2 Februari

Ajabu. Stendi ya Mombo wameweka ndoo zenye mabomba, na makondakta wanawaambia abiria wanawe kabla ya kununua. Wapya wamepungua leo. Watu kijiweni wamezungumzia habari yangu dakika mbili, kwa utulivu, kisha wakarudi kwenye penalti.

Hashim naye amepata macho mekundu. Hakuna namba inayonipa raha kama hiyo moja.

Mzee Mhina ameniita. Amesema ameahirisha kustaafu, kabichi zitasubiri. Alinitazama kwa huzuni alipokuwa akisema. Ni wazi hawezi kutengana nami.

Jumatatu, 5 Februari

Macho yamefunguka! Dunia ina rangi. Yusta amejibu ujumbe wangu kwa maneno matatu: pole, nimepona, tutaongea. Matatu mazima! Baba mkubwa amepona pia na amesema atakuja kutusuluhisha, ila safari hii atauliza Mombo kwanza.

Nimepewa kazi mpya: habari za kilimo. Mzee Mhina anasema huko hakuna namba za kuumiza watu. Wengine wangeona nimeshushwa. Mimi naona uwanja mpana. Wakulima ni wengi kuliko wagonjwa.

Na bahati haijachoka nami. Mchana huu bwana shamba wa Mashewa ametuma taarifa ya viwavijeshi. Jana walikuwa kwenye shamba moja la mahindi. Leo wako kwenye mashamba mawili. Ameandika mengi mengine: ni wachache, dawa ipo, wakulima wasing'oe mahindi yao. Maelezo marefu mno, kipindi chetu ni kifupi.

Moja hadi mawili. Nimekaa na kalamu, nimepiga hesabu, nimeruka kwenye kiti. Saa moja jioni ya leo, Korogwe yote na Handeni yake itasikia: uvamizi wa viwavijeshi waongezeka kwa asilimia mia moja ndani ya siku moja!

Mzee Mhina amechungulia mlangoni kuuliza kama nimeisoma taarifa yote. Nimemjibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo. Safari hii nimeisoma yote, mstari kwa mstari, kabla ya kuchagua.