Mstari Lazima Ushuke

Jumatatu, 4 Novemba
Mtendaji wa kata anakuja Ijumaa kulinganisha wizi wa vitongoji, miaka kumi yote. Katibu wa sungusungu, walinzi wa kitongoji chetu, ni mimi, daftari ninalo. Nimechora mstari wa wizi kwenye karatasi ya manila. Unapanda tu! Pamba ikiuzwa, baiskeli zinaondoka. Mvua za kwanza, maksai. Kwa shemeji yangu Mwandu, ng'ambo ya mto, mstari umelala. Mwandu huyo huyo aliyeshindwa hesabu darasa la tano! Kitongoji cha mwisho kitabadilishiwa katibu. Sikubali.

Jumanne, 5 Novemba
Nimegundua ugonjwa: yowe. Mtu akiibiwa anapiga yowe, wote wanakimbia na fimbo, nami nalazimika kuandika. Nimetangaza: ukiibiwa, njoo kwangu taratibu. Atakayeitikia yowe, faini kuku mmoja. Bibi Salu akauliza mbuzi wake wawili wataandikwa wapi. Nimewaandika chini ya "wanaotembea". Mke wangu Nyanjige akasema mwizi naye ana masikio. Nyanjige haelewi takwimu.

Alhamisi, 7 Novemba
Saa sita mchana. Maksai wangu ameibwa! Mvua imenyesha, pamba haijapandwa, na jembe la ng'ombe halivutwi na mmoja. Nilipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Majirani walisimama milangoni, wakanipungia mkono. Bibi Salu alinikumbusha kwa upole habari ya kuku.

Ijumaa, 8 Novemba
Mtendaji amekuja. Mstari umegusa sifuri! Akaupiga picha. Alipoondoka tu, Mwandu akaniita mtoni. Maksai wangu yuko kwake! Watu wake walipiga yowe, mwizi akamwacha majini. Nikasema kapatikana kwao, basi wizi ni wao. Mwandu akanisogezea daftari lake.
"Shemeji, andika tu kwamba aliibwa kwako, uondoke naye."
Nikaandika: alikwenda kutembea. Mwandu akafunga daftari, akasema basi atamtunza mpaka ajitokeze mtu aliyeibiwa.

Jumapili, 10 Novemba
Nyanjige hakwenda kanisani. Analima kwa jembe la mkono, na haniongeleshi tangu juzi. Inaniuma, kusema kweli. Lakini wizi: sifuri! Mtendaji anataka nifundishe mbinu zangu kata nzima. Maksai aliyebaki nimeshamwandika mapema kwenye "wanaotembea", asije akaniharibia mstari.