Mshale Umerudi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi katangaza: Ijumaa tunapimwa uzito. Kamba tunazoning'inia kusafisha madirisha ya ghorofani mwisho wake kilo mia. Atakayezidi anashushwa stoo, akalinde ndoo. Mimi, stoo! Mimi ninayeuona mji wote kutoka juu! Nimejipima nyumbani: mia na tatu. Nimeishiwa nguvu. Nami nikivunjika moyo hula maradufu, najijua. Basi nimekizungusha kigurudumu kidogo cha mizani, mshale ukarudi nyuma kilo tano. Tisini na nane! Moyo umerejea. Nimelala bila kula, kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mama mkwe, mgeni wetu, kapanda mizani yangu asubuhi. Kakuta kilo tano hazipo. Karudi kitandani, kasema kuna ugonjwa unamla ndani kwa ndani. Mke wangu kalia jikoni. Nilitaka kusema ukweli. Ulimi ukawa mzito kuliko mimi.

Jumatano, 5 Machi
Amri ya mke: nyama, mayai na maziwa mpaka mwili wa mama urudi. Mama naye hali peke yake, eti chakula cha mgonjwa hakipiti kooni bila mwenzake. Mwenzake ni mimi. Nikasema nimeshiba. Mke akauliza tangu lini namchukia mama yake. Nikala. Naiogopa Ijumaa, lakini nyama ilikuwa laini.

Alhamisi, 6 Machi
Mke anataka kumpeleka mama hospitali. Nimetokwa jasho. Nikanyemelea mizani, nikarudisha mshale mahali pake. Mama kapanda: kilo zote tano zimerudi! Kanishika mikono, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, umekula na mimi mpaka nimepona. Mungu akuzidishie."

Kanizidishia tayari. Nimepanda baada yake: mia na tano.

Ijumaa, 7 Machi
Mizani ya kazini imesema mia na sita. Wenzangu wametazama viatu vyao. Afadhali wangecheka.

"Ndugu yangu," msimamizi akasema, "mimi nakushusha taratibu. Kamba isingekushusha hivyo."

Nimekabidhiwa ufunguo wa stoo. Nimewatazama wenzangu wakipanda. Kweli nimeumia. Nikaingia kwenye ndoo zangu, nikafunga mlango. Mizani ya kazini kumbe inatunzwa humu humu, chini ya matambara. Nimeipindua. Ina kigurudumu! Tunapimwa tena mwisho wa mwezi. Nimemtumia mke ujumbe: leo apike nyama, nimepata moyo.