Tela la Mtumishi wa Wote

Jumatatu, 2 Juni
Kosa la wengi wanaouza tela ni hili: wanakabidhi tela na kadi, wanapeana mikono, wanakwenda nyumbani. Kwenye kumbukumbu za serikali mwenye mali bado ni muuzaji. Tela likileta balaa, anatafutwa yeye. Nimelieleza hili kanisani mara mbili, bila kuombwa.

Leo nimemuuzia tela langu Ombeni, mfanyabiashara wa Tunduma. Kimyakimya. Hata Ferista, mke wangu, hajui. Hapa Isansa tela hilo ndilo hubeba majeneza yetu, na Jumapili tunachagua wazee wa kanisa. Nani atampa kura mwalimu mstaafu asiye na tela? Nimemwomba Ombeni tusihamishe umiliki kwanza, wala asifute maandishi ya nyuma: MWALIMU ELIAKIM, MTUMISHI WA WOTE. Watu watadhani nimemwazima. Akili hiyo!

Jumatano, 4 Juni
Ombeni kapiga simu. Anataka twende Vwawa kwa wakili tusaini mkataba wa mauziano, kisha jina libadilishwe. Nikamweleza taratibu, kama darasani, kwamba mambo ya sheria hayataki haraka. Akauliza, "Mwalimu, umeniuzia tela au umeniazima?" Kijana hana subira.

Ijumaa, 6 Juni
Andongwisye amefariki. Rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alipokuwa anaumwa nilimwahidi, kwa utani, kwamba safari ya mwisho atapanda tela langu bure. Alicheka hadi akakohoa. Leo mjane wake, Rozi, kanikumbusha ahadi ile. Nikasema tela liko kwa fundi. Ferista akauliza fundi gani. Nikaenda shambani kuangalia kahawa.

Nimembembeleza Ombeni. Amekubali kulileta kesho.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu.

Jeneza lilitolewa ndani, tela halijafika. Nsajigwa, ninayeshindana naye kwenye kura, akaleta mkokoteni wake wa ng'ombe. Akatandika blanketi lake juu ya mbao. Afadhali angenisuta.

Tuko makaburini, tela likaingia. Askari kwenye gari mbele, nguruwe wanne nyuma, wakipiga kelele juu ya jina langu. Dereva wa Ombeni alikamatwa akiwasafirisha bila kibali, akasema mwenye tela yuko msibani Isansa. Askari akasoma kadi, akaniita kwa majina yote matatu. Je, tela na nguruwe ni vyangu?

Nikasema ni vyangu.

"Baba Jenista," Ferista akasema, mchungaji akisikia, "sisi tumeanza lini kufuga nguruwe?"

Nikakiri yote, kofia mkononi. Hakuna aliyecheka. Rozi alinipa sepetu tu, ilikuwa zamu yangu kufukia.

Jumatatu, 9 Juni
Tumesaini kwa wakili: mashahidi, nakala za vitambulisho, namba za mlipakodi. Maombi ya kuhamisha umiliki yameingia. Suala la nguruwe amelimaliza Ombeni mwenyewe na askari. Najisikia mwepesi, kama aliyetubu. Nilimweleza wakili kosa la wengi. Alisikiliza akitazama saa.

Kwa ajili ya msiba, kura zimesogezwa hadi Jumapili ijayo. Fundi rangi anaanza mchana kufuta maandishi ya nyuma. Lakini nimewaza njiani: watu wa mtaa wa bondeni hawakuwapo makaburini.

Eliakim, leo, kabla ya saa sita, mpigie Ombeni asifute jina.