Nyungu ya Madamu wa Ndege

Jumanne, 10 Agosti 2021

Ndege inakuja! Si zile za kupita juu tunaziangalia mpaka shingo inauma. Hii inatua hapahapa Matiri, kwenye kile kiwanja cha nyasi ambako ng'ombe wa jirani yangu Ildefonsi wanajiona wamepewa hatimiliki. Katibu wa ushirika ametangaza. Mnunuzi wa kahawa, Madamu Chisomo, anatoka Malawi kwa ndege yake ndogo. Ataonja kahawa za wanachama, atachagua moja tu, na jina la mkulima litaandikwa kwenye gunia liende nalo huko duniani.

Jina Tobias litapendeza sana kwenye gunia.

Mke wangu Bonifasia alinikumbusha kwamba kahawa ni yake. Shamba alipewa na baba yake. Kachuma mwenyewe, nyekundu tupu, kwenye baridi ile ya Julai iliyompasua vidole. Kweli. Lakini msemaji wa nyumba hii ni mimi. Akasema anatamani jina lake lionekane mahali, mara moja tu, kabla hajafa. Nikamwambia aniachie mimi. Akachukua jembe akaenda shambani. Nadhani alifurahi.

Hatari ni Ildefonsi. Ana vichanja vipya vya kuanikia kahawa, vya waya, na siku hizi anatembea kama waya kaugundua yeye.

Jumatano, 11 Agosti

Nimemfuata Augustino, bwana afya wa kata, kuulizia masharti ya korona kwa wanaokuja na ndege binafsi. Nilidhani tajiri hana masharti. Kumbe wote sawa! Ndege ya abiria, ya biashara, ya mtu na mkewe, hata rubani. Lazima waje na cheti cha kipimo, na wanakaguliwa tena wanapoingia nchini. Augustino akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba Madamu atatua kwanza uwanja mkubwa, atakaguliwa huko, na akifika kwetu mambo yote yatakuwa yamekwisha.

Hapo ndipo wasomi wanapokosea. Huko uwanja mkubwa kupima wanajua. Kufukiza je? Mwaka jana nusu ya kijiji hiki ilikuwa chini ya blanketi, nyungu inafuka, watu wanatokwa jasho la haki. Huo ujuzi upo kwetu.

Mpango ni huu. Nyumba yangu inakuwa Kituo cha Mapokezi ya Afya. Madamu akitua, moja kwa moja kwangu. Blanketi, nyungu, jasho. Anatoka mtu mpya. Sasa mtu aliyekutoa jasho namna hiyo, utaacha kununua kahawa yake?

Alhamisi, 12 Agosti

Leo kwenye jumuiya, rozari ilipoisha, nilisimama nikatangaza masharti. Mgeni wa ndege hapokewi na kundi. Anapokewa na kaya moja iliyojiandaa. Na mtu yeyote mwenye mwili wa moto asisogee kiwanjani, awe nani, abaki kwake mpaka bwana afya amruhusu. Hili la mwisho nililitunga njiani kwa ajili ya Ildefonsi, ambaye hakosi vijihoma. Mkewe, Ottilia, akauliza masharti yametoka wapi. Nikasema yametoka juu. Augustino akasema lile la mwili wa moto si baya, atalitumia. Nimeanza kusikilizwa.

Nyungu nimeiweka stoo, kwenye kahawa, maana sebuleni mvuke ungeharibu picha ya Bikira Maria. Majani ya mikaratusi, malimao, mchaichai, tangawizi. Bonifasia alichungulia, akanusa, akauliza kama nyungu itakaa humo. Nikasema itakaa. Akatoka. Baadaye nikamwona anavuka uzio kwenda kwa Ildefonsi, beseni kichwani, kalifunika kanga. Akarudi. Akaenda tena. Anasema anamsaidia Ottilia. Huyu mwanamke wema wake umezidi.

Jumamosi, 14 Agosti

Wazo limenijia nikiwa chini ya blanketi, na ndiko mawazo yanakopatikana. Ikiwa abiria wanakaguliwa, mzigo je? Kahawa nayo inapanda ndege. Lazima iwe safi kuliko ya Ildefonsi, ambayo haijafukizwa hata mara moja.

Nimefungua magunia, nikayazungushia blanketi, nikachochea. Kuanzia asubuhi mpaka mikaratusi ikaniishia, nikamtuma mtu alete mingine. Kahawa inanukia hospitali kabisa. Magunia nimeyaona yamenywea, lakini kahawa ikikauka hupungua, hata mtoto anajua.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Kanisani benchi letu nilikaa peke yangu na nafasi pande zote mbili. Ildefonsi akaniuliza kama nimefungua duka la dawa. Wivu huo. Nilimsalimia baba yake mzee shikamoo, akapiga chafya mara kadhaa kabla ya kuitikia marahaba.

Jumatatu, 16 Agosti

Siku ya aibu.

Nilijifukiza alfajiri, nikajifukiza tena kabla tu ya kutoka, ili nimpokee Madamu nikiwa mfano. Nikakimbia mpaka kiwanjani, koti limefungwa vifungo vyote. Augustino alikuwa kwenye upenyo wanakopitia ng'ombe kuingia kiwanjani, na kile kipima joto cha kuelekeza usoni. Kikalia. Akanielekeza tena. Kikalia zaidi. Macho yangu mekundu, nakohoa, midomo imeungua kwa mvuke. Nikamweleza kuwa huu ni moto wa afya. Akanijibu, mbele ya jumuiya nzima, kwamba masharti ni masharti na aliyeyatangaza ni mimi.

Ndege nimeiona kupitia dirisha la chumbani. Nyeupe, ndogo, nzuri sana. Ildefonsi ndiye aliyefukuza ng'ombe ili itue. Nikatuma gunia langu ofisi ya ushirika na nikalala kifudifudi.

Jumanne, 17 Agosti

Bado nimefungiwa. Jioni Ildefonsi alisimama kwenye uzio, mbali kidogo, akanipa habari bila kuombwa. Madamu kaonja kahawa zote. Yangu aliinusa, akarudi nyuma, akaonja kidogo, akatema, kisha akauliza kwa heshima kama mkulima ana kikohozi au anauza dawa yake. Katibu aliwatafsiria watu wote. Gunia limewekwa nje. Iliyoshinda, akasema Ildefonsi, imetoka kwenye vichanja vyake. Akacheka mpaka akashika nguzo.

Niliumia. Si kwa ajili yangu, hapa nasema kweli. Nilikumbuka vidole vya Bonifasia. Alipoingia nikashindwa kumtazama. Akaniletea ugali na dagaa wa ziwani, akaniambia nile.

Jumatano, 18 Agosti

Augustino kanipima, kaniachia. Sikunywa hata chai. Nikaenda mbio ushirika kuweka pingamizi kabla ndege haijaondoka.

Madamu alikuwapo, katibu, wanachama tele. Nikasema kahawa hiyo iliyoshinda haifai. Imeanikwa jirani na ng'ombe. Haijafukizwa. Aliyeichuma hajui kuchuma. Nikaomba ifutwe. Katibu akatafsiri, sura yake ikiwa ngumu. Madamu akafunga kalamu, akasema kama kuna mgogoro yeye huacha tu, kuna kahawa milima mingine. Nikaona nimeshinda!

Bonifasia alikuwa amesimama pembeni, kanga ameikamata kwa mikono miwili. Katibu akanishika bega, akaligeuza gunia upande wa maandishi.

BONIFASIA.

Kumbe yale mabeseni! Kahawa yake yote iliyo bora alishaihamishia kwa Ildefonsi. Mimi nilifukiza masalia. Nilipiga magoti pale pale sakafuni, nikamwambia Madamu kwamba pingamizi lilikuwa la homa, mimi ni mgonjwa, amuulize bwana afya. Augustino, Mungu ambariki, akathibitisha kuwa siko sawa. Madamu akacheka, akafungua kalamu. Gunia likapanda ndege. Bonifasia alilitazama mpaka likapotea kuelekea ziwani, analia na kucheka. Mimi pia nililia, lakini yangu ilikuwa mikaratusi.

Nikamuuliza mbona aliihamisha. Akasema nafasi stoo ilikuwa ndogo. Ni kweli, nyungu ile ni kubwa.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimetafakari. Bila nyungu yangu nafasi isingebana, na nafasi isingebana kahawa isingeshinda. Kwa hiyo nimeshinda mimi.

Tena Madamu alitaja kikohozi. Katika watu wote, yeye ndiye aliyeona soko! Kahawa ya kikohozi. Nimeshajaza stoo mikaratusi mibichi mpaka darini, na leo nimechemsha nyungu mbili kwa mpigo.

Nimemwona Bonifasia anavuka uzio kwenda kwa Ildefonsi, beseni la maharage kichwani. Kalifunika kanga. Nadhani nafasi imekuwa ndogo tena.