Kengele ya Hilda Brockway

Jumatatu, 9 Juni

Safari imeanza! Baiskeli nne, mifuko minane, siku sita za kuzunguka Herefordshire. Barabara nyembamba kama utepe, ua wa michongoma pande zote mbili, mawaridi mwitu yananing'inia mpaka yanakugusa bega. Nani aliumba nchi hii na akakumbuka kuiwekea vilima vidogo vidogo tu? Ashukuriwe.

Tulipopumzika kanisani, Hilda akatoa habari. Ana miaka sabini na sita, ameongoza chama chetu cha baiskeli kwa miaka thelathini na mmoja. Magoti yamechoka. Hii ni safari yake ya mwisho kuongoza. Jumamosi ataing'oa kengele ya shaba kwenye usukani wake na kumkabidhi kiongozi mpya.

Kengele ile ni yangu! Mimi, Cuthbert Yelland, mpima ardhi mstaafu. Nani mwingine hapa anajua ramani? Maureen hataki; alikuwa muuguzi, anasema ameongoza watu wa kutosha wasiotaka kuongozwa. Amebaki Alban Sturgess. Alikuwa mwoka mikate. Tumbo liko mbele, baiskeli inalia kama paka aliyekanyagwa, na kila akiona farasi lazima asimame amsalimie.

Kazi rahisi.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: nguvu. Kiongozi lazima aonekane yuko mbele. Kilima cha Ashwick nilikipanda bila kushuka kwenye tandiko hata mara moja. Nikafika kileleni, nikaketi. Juu ya upupu.

Niliwangoja dakika ishirini na mbili, nikijikuna. Wakaja wakisukuma baiskeli, nyuso zinang'aa kama watu waliotoka harusini. Kumbe Alban alisimama darajani kumsalimia bata, na wakati anamsalimia, fisi maji wawili wakaibuka mtoni, mama na mtoto, wakacheza mbele yao. Hilda amengoja kuona fisi maji miaka tisa!

Akanigeukia kwa upole kabisa. "Na wewe, Cuthbert, umeona nini?"

Nikamwambia nimeona kwamba wamechelewa dakika ishirini na mbili.

Maureen akaniuliza mbona najikuna.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili: elimu. Nikatangaza njia ya mkato ya kupunguza maili tatu. Hilda akasema hajui kwa nini mtu mwenye akili timamu apunguze maili tatu za mwezi wa Juni, lakini nikitaka niende, tutakutana kwenye mgahawa wa chai.

Ramani yangu ni ya mwaka 1974. Nchi imebadilika bila kuniarifu. Njia ikawa malisho, malisho yakawa na ng'ombe, mitamba kama arobaini hivi. Wanyama wazuri, macho makubwa, pua zimelowa. Nikatembea, wakatembea. Nikakimbia, wakakimbia. Nikapita geti nikiwa na haraka, na geti, nakiri, sikulifunga.

Niliingia kijijini nikiwa mbele ya msafara hasa. Mitamba arobaini nyuma yangu! Mwenye shamba, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, alinifuata kwa trekta. "Wee babu! Geti kwenu hamlijui?"

Alban akaacha chai yake, akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi. Mitamba wakamgeukia kama wanafunzi. Akawarudisha wote mpaka malishoni, huku anawasemesha. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilitamani kumpigia makofi, lakini nilikuwa juu ya ukuta.

Alhamisi, 12 Juni

Leo zamu ya kuchagua mahali pa chai ni ya Alban. Mpango wa tatu, na huu, ingawa nausema mwenyewe, ni wa hali ya juu. Asubuhi nikaupigia simu mgahawa aliouchagua, wa Nether Lacey, nikaagiza skonzi zote awekewe mtu aitwaye Yelland. Zote! Alban atawafikisha, watakuta sahani tupu, Hilda atasikitika, kengele itaelekea kwangu yenyewe.

Tulipanda taratibu kando ya mto, bustani za matufaha kushoto, ndege kekeo anaita mbali. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Mwenye mgahawa akatupokea mlangoni. "Nani kati yenu ni Bwana Yelland? Skonzi zenu tayari, zimetoka jikoni sasa hivi!"

Meza nzima. Jamu ya stroberi, malai mazito ya kusimamisha kijiko. Hilda akanibusu shavuni. Alban akasimama, akasema amekuwa akinidhania vibaya, kwamba Cuthbert ana moyo mpana ila anauficha. Machozi yalimlengalenga.

Niliona haya kubwa. Ilidumu mpaka skonzi ya pili.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekaa nyuma siku nzima, kwa makusudi, nitunge hotuba ya kupokea kengele. Nilikuwa nimefika kwenye "kwa unyenyekevu mkubwa" nilipoona baiskeli ya Hilda imelazwa kando ya ua. Mwenyewe ameketi nyasini, ameshika goti kwa mikono miwili. Analia. Hilda Brockway! Mwanamke aliyevuka milima ya Wales kwenye theluji akiimba!

Wenzetu walishapinda kona. Nikataka kuwaita, akanishika mkono.

"Usiwaambie, Cuthbert. Nataka nimalize na miguu yangu."

Sikuwa na mpango wowote. Nikamwinua. Tukatembea maili tatu, mimi nasukuma baiskeli zote mbili, yeye ameegemea bega langu. Hakuwa na haraka. Akanionyesha mahali alipoposwa, na mti ambao bundi wamezaa humo tangu aanze kupita. Mbayuwayu walikuwa wanapita chini, karibu waguse nyasi. Nimepita njia hii mara kumi na moja. Leo nimeiona.

Tulipofika, saa mbili nyuma ya wenzetu, nikasema nimepata pancha, na Hilda alikaa kunisaidia. Maureen akacheka mpaka akashika mbavu. "Pancha saa mbili! Gurudumu ulilishona kwa sindano?"

Nikavumilia. Hilda alikuwa anatazama kikombe chake.

Jumamosi, 14 Juni

Bustani ya Hilda, jioni, pombe ya matufaha mezani. Akaifungua kengele kwa bisibisi, polepole.

Akampa Alban.

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Alban akaipiga mara moja, mlio ukasafiri hadi ng'ambo ya bonde, na lazima niseme kweli: ilimfaa. Mtu anayesalimia bata ndiye wa kutuongoza katika nchi kama hii.

Kisha Hilda akaniita. Akasema ana ombi. Tangu leo, nikae mkiani, kila safari. "Wa mbele anachagua njia. Wa nyuma ndiye anayehakikisha tumerudi wote."

Nilitokwa na machozi. Nikasingizia chavua ya maua. Alban akanikumbatia, tumbo na kengele vyote.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani. Mvua nyepesi. Nimetafakari sana, na nimebadilika. Sina kinyongo tena. Alban ni mtu mwema.

Ila hasikii vizuri upepo ukivuma. Na wa nyuma anaona kila kitu, si ndivyo alivyosema Hilda? Sasa, aonaye kila kitu asingefaa kumwelekeza wa mbele? Kwa filimbi, kwa mfano. Mara moja kushoto, mara mbili kulia, mara tatu simameni, Cuthbert anakuja.

Nimeuandikia uongozi wa chama barua ya kupendekeza hivyo. Nimeiandika kwa herufi kubwa, mwandiko usijulikane, na chini nikatia: "Ni mimi, mwanachama asiyependa kutajwa."

Tayari iko posta. Nyuma ya bahasha nimeandika jina na anwani yangu, jibu lisije likapotea.