Shanga za Bega la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Naanza biashara. Si kwa tamaa, ni kwa heshima. Sindano, ninayekaa naye dawati moja, anashona mikanda ya nywele kwa mabaki ya vitambaa. Leo wasichana walimpangia foleni kama wagonjwa mbele ya daktari. Mwalimu wa darasa akapita, akamwita mjasiriamali. Mbele yangu! Mimi ninayelelewa na shangazi fundi cherehani!

Nimerudi nyumbani nimenuna. Halafu wazo: shanga za karatasi. Unakata karatasi pembetatu nyembamba, unaizungusha kwenye kijiti, gundi, vanishi, basi. Mabaki ya vitambaa kila mtu anayo. Shanga za karatasi shuleni kwetu hakuna aliye nazo.

Tatizo karatasi. Za daftari zinalegea. Nikaingia chumba cha ushonaji, shangazi akiwa amekwenda kununua uzi. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ametundika karatasi zake za kukatia nguo. Za kaki, ngumu, nzuri ajabu! Lakini mimi si mwizi. Najua kila mteja ana karatasi zake zenye vipimo vyake. Nikazipitia moja moja, kwa uangalifu mkubwa, nikitafuta iliyoharibika.

Nikaipata. Seti nzima imekosewa! Bega la kulia liko sawa, la kushoto limeteremka vidole viwili. Mistari imefutwa, ikachorwa, ikafutwa tena. Maskini shangazi. Alikosea, akaona haya kuitupa. Nimemwondolea aibu yake kimyakimya, na sitamdai shukrani.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi! Seremala jirani alinipa vanishi iliyobaki kwenye kopo, na shanga zimeng'aa. Alama za penseli nyekundu na bluu za shangazi zimetokea kama urembo uliokusudiwa. Nimejiteua mkurugenzi. Nafasi nyingine bado ziko wazi.

Mteja wa kwanza: mkutubi wetu. Mama mpole, anaongea kwa kunong'ona hata akiwa uwanjani. Alichagua shanga za shingoni, zile ndefu kuliko zote, akazivaa palepale. Akaniuliza mchoro ule nimeutoa wapi. Nikamwambia kichwani mwangu. Akasema nina kichwa kizuri. Nakubaliana naye.

Sindano alisema shanga zangu zinafanana na vipande vya sigara. Baadaye akaja mdogo wake kununua bangili, eti ya mama yao. Saa saba mchana bangili ilikuwa mkononi mwa Sindano, ameishushia mkono wa sweta. Kwenye joto lile!

Jioni nilikula vizuri, nikalala mapema. Ndivyo wanavyolala wakurugenzi.

Jumatano, 5 Juni

Balaa.

Nimemkuta shangazi amepindua chumba chote. Vitambaa sakafuni, droo zimetolewa, yeye mwenyewe kapiga magoti chini ya meza. Anatafuta karatasi. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, ni karatasi gani. Akasema ni za mkutubi wa shule yetu.

Nikaketi juu ya pasi. Bahati ilikuwa baridi.

Mkutubi anastaafu. Anaagwa keshokutwa mbele ya shule nzima, na shangazi ndiye anamshonea gauni. Bega lake la kushoto liko chini tangu utotoni. Miaka yote hii sikuwahi kuliona! Shangazi akasema kazi yake ndiyo hiyo hasa, mimi nisilione. Mafundi wa zamani walikuwa wakimpima huku wakiguna, mmoja akamwita mwenzake aje atazame. Mama wa watu akaapa hatapimwa tena. Shangazi akambembeleza apimwe mara moja tu, akamwahidi kwamba hatamshikia futi ya kupimia tena maisha yake yote. Zile karatasi ndizo ahadi yenyewe. Aliharibu magauni matatu kabla hazijakaa sawa.

Akanitazama akauliza kama nimeziona. Nikasema labda panya. Akasema panya gani anayekula bega akaacha msumari. Nikacheka peke yangu.

Sikuweza kula. Nimeona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Lakini mkurugenzi halii. Mkurugenzi anapanga. Kesho nakusanya shanga zote, naziloweka, zinajikunjua, naunganisha vipande, narudisha msumarini. Kazi ndogo.

Alhamisi, 6 Juni

Si kazi ndogo.

Nimewaambia wateja kuwa shanga zina kasoro ya kiwandani. Wakauliza kiwanda kipi. Wengi walirudisha wakinung'unika. Sindano alikana kabisa kuwa na bangili. Kisha akasema, kama angekuwa nayo, angeirudisha tu iwapo ningesimama juu ya kiti na kulitangazia darasa kwamba mikanda yake ndiyo bidhaa bora shuleni. Nikapanda kitini. Nikatangaza. Akaniomba nirudie, eti waliokaa nyuma hawakusikia.

Mapumzikoni nikaziloweka zote kwenye ndoo ya kupigia deki. Nilipochungulia nikakuta uji wa kaki. Bega, mgongo, kiuno, vyote uji! Na zile za mkutubi bado ziko shingoni mwake. Ningewezaje kumnyang'anya?

Mpango wa pili: nimpime bila yeye kujua. Nikaingia maktaba na uzi, nikajibanza nyuma ya rafu ya jiografia. Akainama, nikanyoosha uzi. Akageuka, nikajifanya napima atlasi. Mara ya tatu akanong'ona kama nimepoteza kitu. Nikasema ndiyo. Akaanza kunisaidia kukitafuta, chini ya viti, mama wa watu! Nikatoka mbio.

Jioni ndipo mambo yakaniharibikia kabisa. Mkutubi alikuja nyumbani kuulizia gauni lake. Amevaa shanga. Shangazi akamkaribisha, akaanza kutunga maneno ya kuomba muda zaidi. Mara macho yake yakakwama kwenye shingo ya mgeni. Akasogea. Akashika ushanga mmoja kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye mwanga. Mwandiko wake mwenyewe. Akaushika wa pili. Halafu akageuza kichwa polepole, akanitazama mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimweleza mkutubi kila kitu, akaomba msamaha yeye, kana kwamba mkasi aliushika yeye. Akasema hawezi kuvunja ahadi, basi avae gauni la zamani. Mkutubi akazitazama shanga zake kwa muda mrefu. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akacheka! Kwa sauti! Sikujua kama anayo. Akasema kumbe siku tatu amekuwa akitembea na bega lake shingoni, na kila aliyekutana naye amelisifia. Akavua sweta yake, akasema nipime.

Shangazi akapima. Mimi nilishika ncha ya futi, nimeambiwa nisiguse kingine chochote duniani. Hakuguna mtu. Bega limezidi kushuka tangu kipimo kile cha kwanza. Mkutubi akakiri kwamba magauni yamekuwa yakimbana kwapani kwa muda mrefu, alivumilia tu ili asipimwe. Shangazi akafuta macho kwa kipande cha bitana, akaniamuru nikalale. Nimeandika haya nikisikia cherehani.

Ijumaa, 7 Juni

Mkutubi ameagwa. Gauni la bluu, limemkaa kama maji. Alipanda jukwaani, akainua mikono yote miwili kutupungia. Mwalimu mkuu akasema hajawahi kumwona akiinua mikono. Shangazi, aliyekaa safu ya mbele, alilia mpaka akaazima leso ya Sindano. Nililia na mimi, nasema ukweli. Shanga alikuwa nazo shingoni, juu ya gauni, mahali pa kuonekana.

Nilirudi nyumbani na shangazi. Tulipofika mlangoni akasema karatasi zake nisiziguse tena, kamwe, hata zikiwa zinaungua. Nikaitikia kwa unyenyekevu. Nimetubu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka na akili nyepesi. Nimefikiria kwa makini, bila upendeleo.

Mkutubi alikuwa akibanwa miaka yote hii. Nani alimwokoa? Kama karatasi zile zingebaki msumarini, jana angeinua mikono? Asingeinua! Shangazi angeendelea kumshonea bega la zamani, naye angeendelea kuvumilia. Sisemi nishukuriwe. Nasema tu mambo yalivyo.

Leo nimetumwa kufuta vumbi juu ya kabati la shangazi. Nimekuta boksi. Limejaa karatasi za kaki za wateja wake wa tangu sijazaliwa: mama mchungaji, mke wa seremala, mwalimu mkuu mwenyewe. Watu wazima wale. Wamenenepa, wamekonda, wamepinda. Wanabanwa, na wanaona haya kusema.

Shangazi atarudi saa kumi. Gundi ipo.